Mvivu Mwenye Mpango: Unganisha Umeme wa Kadi ya Grafiki, Uitwe Fundi

Sogea karibu, haya hayasemwi kwa sauti. Umenunua kadi ya grafiki. Huenda umeuza ya zamani ukaongezea, huenda ilikuwa zamu yako kwenye upatu. Sasa iko mezani, na moyoni una mawili: iwake leo hii, na watu wajue umeiweka mwenyewe. Yote mawili ni haki yako. Sikuambii usubiri, wala sikuambii uache kujidai. Nakupa njia za mkato.

Kwanza ujue siri ambayo mafundi hawaitangazi, maana ikienea watakosa wateja: katika kazi hii anayefanya kidogo ndiye anayefaulu. Plagi huungulia mikononi mwa wenye bidii. Kuna aliyezunguka mji mzima kutafuta adapta. Kuna aliyekunja nyaya ili zipendeze nyuma ya kioo. Kuna aliyechomoa na kuchomeka jioni nzima ili kila mgeni aone. Yule aliyechukua kebo iliyokuwemo kwenye boksi, akaisukuma mpaka mwisho, akaenda kula, kadi yake bado inafanya kazi. Basi tuwe wavivu, ila wavivu wenye mpango.

1. Kwepa kebo kabisa

Kama bado hujalipa, njia fupi kuliko zote ya kuunganisha kebo ya umeme ni kununua kadi isiyohitaji kebo. Mlango wa PCIe kwenye madabodi, ule mrefu unaochomekwa kadi yenyewe, unaruhusiwa kutoa mpaka wati 75. Kadi inayotosheka na hizo haidai kingine. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ni mojawapo, GTX 1650 ya 2019 ni nyingine, na RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024 inatumia wati 70 tu. Geuza kadi uangalie ubavu wake kabla ya kulipa, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji waliziwekea hizo mbili za mwanzo soketi ya pini 6 ili ziende kasi kidogo.

Ushauri huu unakuhusu hasa wewe mwenye kompyuta ya ofisi iliyokuja ikiwa imeshatumika Ulaya, zile zilizopangwa kwenye maduka ya Kariakoo na katikati ya Nairobi. Dell OptiPlex 7020 ya kusimama ina pawasaplai ya wati 290, na ndani yake hutakuta hata kebo moja ya kadi ya grafiki. Ndugu yake mwembamba ana wati 255 na nafasi ya kadi fupi tu. Muuzaji atakuambia adapta zipo. Zipo kweli, tutazifikia. Wewe chukua kadi ya wati 70, ichomeke, kaza skrubu, basi. Ukiulizwa kwa nini hukuchukua kubwa, jibu kwamba unaangalia bili ya umeme. Ni kweli, na inakupa hadhi.

2. Zima, kisha zima tena

Swichi ya ukutani. Swichi ya nyuma ya pawasaplai. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha kasha kabla hujagusa kadi. Hatua hii haina njia ya mkato kwa sababu haifiki hata dakika moja.

Na hapo ukutani, angalia plagi ya kompyuta yako. Mashine nyingi za mitumba huja na waya wenye plagi ya Ulaya, ya miguu miwili ya duara, na sisi tunatumia soketi za matundu matatu za Kiingereza. Unaijua dawa ya mtaani: chukua kalamu, bonyeza tundu la juu ili vifuniko vifunguke, kisha lazimisha ile ya miguu miwili iingie. Kompyuta inawaka, lakini waya wa ardhi umeachwa nje. Ndiyo maana ukigusa kasha ukiwa peku unasikia umeme ukikutekenya. Waya wenye plagi ya pini tatu ni bei ndogo sana ukilinganisha na kadi. Nunua, utupe na ile kalamu.

3. Soma namba moja tu

Kuna watu wanapiga hesabu ya kila kifaa kabla ya kuchagua pawasaplai: feni ngapi, diski ngapi, taa ngapi za rangi. Waache. Wewe tafuta namba moja kwenye stika ya ubavuni, ile iliyo chini ya +12V. Ni ampea. Zidisha kwa 12 upate wati ambazo kadi na prosesa zitagawana. Pawasaplai ikiandikwa 500 kwa herufi za dhahabu huku chini ya +12V pakiwa na ampea 16, ulichoshika mkononi ni wati 192. Herufi za dhahabu haziendeshi kadi.

Halafu linganisha na namba anayoitoa mtengenezaji wa kadi. RTX 3060 inakula wati 170. RTX 4090, iliyotoka Oktoba 2022, inakula 450, na Nvidia, kampuni inayozitoa kadi hizi, ilishauri pawasaplai ya 850. RTX 5090 ya Januari 2025 inakula 575, na ushauri ukapanda hadi 1,000. Wengi huona pengo hilo ni ujanja wa kukuuzia kikubwa zaidi. Pengo lina kazi. Kadi za siku hizi huvuta umeme kwa mishtuko mifupi inayozidi mno wastani wake, kiasi kwamba kanuni za pawasaplai ziitwazo ATX 3.0 zinaitaka ihimili mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Isiyohimili huzima ghafla katikati ya gemu, na wewe utalilaumu shirika la umeme, TANESCO, bure.

Ile desturi ya kuinyanyua pawasaplai dukani kupima uzito wake siikatai. Nyepesi kama boksi tupu irudishe. Nzito bado uisome stika.

4. Kebo ibaki na mwenyewe

Hapa ndipo mvivu anapomshinda mwenye bidii waziwazi. Pawasaplai nyingi nzuri zina kebo zinazochomoka pande zote mbili. Upande wa kadi umepangwa sawa dunia nzima. Upande wa pawasaplai haujapangwa na mtu yeyote. Kila kampuni inapanga pini inavyotaka, na hata kampuni moja inaweza kubadilisha mpangilio kutoka toleo hili hadi lile. Plagi inaingia vizuri, inalia tik, inakaa imara, na nyuma yake volti 12 zimekwenda mahali pa ardhi au mahali pa volti 5. Ukiwasha, hutapata nafasi ya pili. Diski zinakufa na picha za harusi ya dada yako ndani yake.

Kwa hiyo usitafute. Tumia kebo zilizokuja na pawasaplai hiyo hiyo, na zilizobaki zirudishe kwenye mfuko wake, mfuko ndani ya boksi, boksi juu ya kabati. Ukinunua pawasaplai iliyotumika, dai kebo zake kabla ya kupatana bei. Muuzaji akichomoa rundo la kebo kutoka kwenye droo na kukuambia "hizi zote ni sawa tu, bosi", mshukuru na uende duka la pili. Ukikosa kabisa, mpe fundi mwenye mita apime pini moja moja kabla hujachomeka chochote. Huyo anastahili kulipwa.

5. Zijue plagi kwa kuzitazama

Huhitaji kitabu. Plagi ya pini 6 imepangwa kupeleka wati 75. Ya pini 8 imepangwa kupeleka 150. Jumlisha na zile 75 za mlango wa madabodi, utajua kadi inaweza kuvuta kiasi gani kwa kuhesabu soketi zake tu. Ukiingia dukani ukalitamka hilo bila kusoma popote, watakupisha njia.

Mtego uko kwenye plagi nyingine ya pini 8, ile ya prosesa. Ukizilaza mezani ni mapacha. Zitofautishe hivi: ya kadi inagawanyika 6 na 2, ya prosesa inagawanyika 4 na 4. Kama nyaya zina rangi za zamani, tazama upande wenye kishikizo, ile klipu ya plastiki. Kwenye plagi ya kadi, nyaya za upande wa klipu ni nyeusi na za njano ziko upande wa pili. Kwenye plagi ya prosesa ni kinyume chake, za njano ndizo ziko kwenye klipu. Yaani ukifanikiwa kulazimisha moja mahali pa nyingine, umekutanisha volti 12 na ardhi uso kwa uso.

Nimesema kulazimisha kwa sababu matundu yamechongwa yasikubali. Yatazame kwa karibu ukiwa na tochi ya simu: mengine ni ya mraba, mengine yamekatwa pembe. Yakikataa yana sababu. Mwenye misuli ndiye hupata hasara hapa. Mvivu huhisi ukinzani, anageuza plagi, anaangalia tena.

6. Mkia wa pili

Kebo nyingi za kadi zina vichwa viwili: plagi ya kwanza, kisha kipande kifupi cha waya, kisha plagi ya pili. Kadi yako ina soketi mbili za pini 8. Unaona ulivyorahisishiwa? Kebo moja, kazi imekwisha, na nyuma ya kasha pamebaki pasafi.

Ngoja kidogo, ndugu yangu. Plagi mbili za wati 150 ni wati 300. Kwa volti 12 hizo ni ampea 25, na kwenye kebo moja zinapita katika nyaya tatu tu, zaidi ya ampea 8 kila mmoja. Zikipita kwenye kebo mbili, kila waya unabeba kama 4. Kwa kadi ndogo mkia wa pili haudhuru. Kwa kadi inayokula wati 250 na kuendelea, toa kebo mbili mbalimbali kutoka kwenye pawasaplai. Ni dakika mbili za nyongeza, na kebo ya pili unaikuta kwenye mfuko ule ule ulio juu ya kabati.

7. Adapta ya SATA

Usiinunue. Plagi ya SATA ilitengenezwa kwa ajili ya diski. Ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54. Mwisho wa pili wa adapta hiyo ni plagi ya pini 6 inayoiambia kadi kwamba wati 75 zipo, au ya pini 8 inayoahidi 150. Adapta inatoa ahadi ambayo SATA haiwezi kuitimiza, na plastiki inayeyuka. Wachimbaji wa Ethereum, ile sarafu ya kidijitali, walilijua hilo kwa machungu kabla ya uchimbaji huo kukoma Septemba 2022, na kadi zao zikamwagwa kwenye soko la mitumba. Ukinunua RX 580 iliyotumika, chungulia soketi yake. Kama plastiki ina weusi au imevimba pembeni, hata bei iwe nzuri namna gani, iache.

8. Plagi mpya, mnyama wa pini 16

Sasa tumefika kwenye shughuli yenyewe. Kama kadi yako ni ndogo, ruka, nenda hatua ya 9. Kama umenunua RTX 4090, 5090 au dada zake, vuta kiti.

Mwaka 2022 ilikuja plagi inayoitwa 12VHPWR. Ina pini 12 za umeme na nyingine 4 ndogo za ishara, na inaruhusiwa kupeleka wati 600 peke yake. Plagi za zamani zingehitajika nne kufanya kazi hiyo. Ukubwa wake unakaribiana na ile moja ya pini 8, kwa maana pini zake zimeachana milimita 3 badala ya 4.2. Piga hesabu: wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50. Nyaya za volti 12 ni sita, kwa hiyo kila mmoja unabeba ampea 8.3 hivi, wakati kila pini imepangiwa zaidi kidogo ya 9. Nafasi ya ziada ni ndogo. Plagi ya zamani ya pini 8 ilikuwa na nafasi kubwa ya kusamehe uzembe. Hii husamehe kidogo sana.

Mwezi ule ule wa Oktoba 2022 ambao 4090 iliingia sokoni kwa dola 1,599, picha za plagi zilizoyeyuka zikaanza kusambaa. Novemba Nvidia ikasema imepata taarifa za matukio kama 50 duniani, na kwamba chanzo kilichojitokeza mara kwa mara ni plagi kutosukumwa mpaka mwisho. Gamers Nexus, wachunguzi wa vifaa wa Marekani, nao walizijaribu hizo plagi wakaona zikiingia nusu na kukaa upande huyeyuka. Watu walikasirika kuambiwa ni makosa yao, na mimi nawaelewa. Kifaa cha bei hiyo kinapaswa kukataa kuwaka kikiwa hakijakaa vizuri. Mwaka 2023 wenye kanuni wakarekebisha: soketi mpya, 12V-2x6, ina pini za umeme zilizorefushwa robo milimita na pini za ishara zilizofupishwa kwa zaidi ya milimita moja, ili plagi isipoingia sawasawa ishara isifike na kadi isivute.

Je, imekwisha? Haikwisha. Februari 2025, Mjerumani Roman Hartung anayejulikana kwa jina la der8auer alifunga kipimo cha ampea kwenye nyaya za RTX 5090. Waya mmoja ulikuwa umebeba zaidi ya ampea 20 huku mingine ikibeba kidogo, na plagi ya upande wa pawasaplai ikafika joto la nyuzi 150 hivi. Sababu ya kuwezekana hivyo ni jinsi kadi yenyewe ilivyojengwa. RTX 3090 Ti iliugawa mzigo wa nyaya katika makundi matatu, kila kundi likipimwa peke yake. Kwenye 4090 na 5090 nyingi, nyaya zote sita hukutana mahali pamoja mara tu zinapoingia, na kadi haijui ni waya gani umelemewa. Umeme unapita palipo rahisi. Pini moja ikigusa vizuri na tano zikigusa vibaya, hiyo moja inabebeshwa mzigo wa wenzake.

Hilo la usanifu hulirekebishi wewe. Lako ni kuhakikisha pini zote zinagusa sawa, na njia zake za mkato ni hizi.

Isukume ukiwa umeishika plagi yenyewe, nyaya usizitumie kusukumia. Tumia vidole gumba viwili, kimoja kila upande, ili isiingie kwa kulala. Ikiwezekana unganisha kebo kadi ikiwa bado mezani, ambako una nafasi ya mikono, kisha uipandishe kwenye madabodi. Usitegemee sauti. Klipu nyingine hulia tik, nyingine zinaingia kimya kabisa. Tegemea macho. Washa tochi ya simu, tazama kwa ubavu: kati ya mdomo wa plagi na soketi pasiwe na mwanya. Ukiona mstari wa kivuli upande mmoja, bado. Halafu ivute taratibu kurudi nyuma. Ikisogea, klipu haijashika.

Rudia yote hayo upande wa pawasaplai. Watu wanausahau kwa sababu hauonekani kwenye picha, na umeme unaopita ni ule ule.

Usikunje kebo karibu na plagi. Iache itoke moja kwa moja sentimita 3.5 kwanza, kisha ikate kona inakotaka. Kabla ya kununua kasha, pima upana wake ukijumlisha na hiyo nafasi, maana kioo kinachobana kebo kinaisukuma plagi upande mmoja kila siku, usiku na mchana. Wapo waliotaka kona nzuri wakanunua adapta za pembe mraba. Februari 2024 kampuni ya CableMod iliziita zirudishwe adapta zake za namna hiyo, zipatazo 25,300, kwa sababu zilikuwa zikilegea na kuyeyuka.

Usiichomeke kwa ajili ya wageni. Plagi hii imepangiwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 30. Zile pini za ndani ni vijisahani vyembamba vinavyobana, na kila safari vinalegea kidogo. Ichomeke mara moja, iache.

Na kama umepewa adapta ya mikia mitatu au minne kwenye boksi la kadi, kila mkia upate kebo yake kutoka kwenye pawasaplai. Zile pini 4 ndogo ndizo zinazoiambia kadi iruhusiwe 150, 300, 450 au 600. Ukiunganisha mikia yote kwenye kebo moja ya vichwa viwili, umeifundisha adapta kusema uongo, na ninyi wawili mtajibu.

9. Maringo yawekwe mahali pake

Najua kwa nini umenunua kasha la kioo. Sawa kabisa. Kadi imelipiwa, ionekane. Basi fanya hivi: ukishachomeka, piga picha ya plagi kutoka ubavuni, kwa karibu, taa ikiwa kali. Iweke kwenye stetasi. Wanaojua wataona hakuna mwanya, wasiojua wataona kadi. Na wewe umebaki na ushahidi wenye tarehe kwamba uliichomeka ipasavyo, siku ukienda kudai waranti. Picha moja, kazi mbili.

Kebo usizivute zikakazana kama kamba za kuanikia nguo. Zilegeze. Zifunge nyuma ya madabodi, mbali na soketi, na kifungo cha kwanza kisiwe karibu na plagi. Kadi nzito iwekee nguzo ya kuishikilia, kwa sababu ikining'inia kuelekea chini plagi nayo inavutwa. Kebo zenye rangi za kung'aa nunua zilizoandikwa jina la pawasaplai yako na toleo lake. Zisizoandikwa, rudi hatua ya 4.

10. Danganya kidogo

Hii ndiyo njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote. Pakua programu ya bure ya MSI Afterburner. Ndani yake kuna mshale ulioandikwa Power Limit. Ushushe hadi 80. Kadi ya wati 450 sasa inakula 360. Kasi inapungua kidogo, kiasi ambacho jicho lako halitakiona kwenye gemu wala kwenye kurenda video ya dakika kumi. Lakini joto la kwenye pini linafuata ampea zikizidishwa kwa zenyewe, kwa hiyo ampea zikishuka hadi asilimia 80, joto hilo linabaki asilimia 64. Umepunguza zaidi ya theluthi moja ya joto hilo kwa kusogeza kidole.

Feni zitatulia. Chumba kitapoa, na kwa mtu anayehariri filamu Dar es Salaam mwezi wa Januari hilo si jambo dogo. Marafiki wakiuliza kadi gani, taja jina lake kwa sauti. Hakuna anayeuliza mshale uko wapi.

11. Ikishindikana, shindwa kwa heshima

Siku ya kwanza ipe kadi kazi nzito kwa nusu saa huku umekaa karibu. Unanusa. Plastiki inayoungua ina harufu kali, haifanani na harufu ya kifaa kipya. Skrini ikizima ghafla na feni zikinguruma, au ukipata harufu hiyo, zima ukutani kwanza. Gemu haihifadhiwi, kazi haihifadhiwi, unazima.

Subiri ipoe kabisa. Plagi ikiwa imeshikamana usiivute kwa koleo. Piga picha kabla ya kugusa, upande wa kadi na upande wa pawasaplai. Usikwangue weusi kwa kisu, usinyooshe pini kwa sindano, na usichomeke kebo mpya kwenye soketi iliyoungua ukitumaini itapona, kwa sababu soketi hiyo itaiunguza na ya pili. Kusanya risiti, kadi, kebo na pawasaplai, vyote kwa pamoja, uende navyo ulikonunua. Eleza kwa ufupi: ulichomeka lini, kwa kebo gani, picha hii hapa. Usianze kuomba msamaha kwa kosa ambalo hakuna aliyelithibitisha, na usiseme ulifanya usichofanya.

Kama yote yamekwenda sawa, baada ya mwezi zima mashine na utazame tena kwa tochi kama plagi imesogea. Usiichomoe, itazame tu. Kisha funga kioo. Na rafiki yako atakapokuja kukuomba umwekee ya kwake, kubali, ila mwambie aje na kebo zilizokuja na pawasaplai yake. Akija bila hizo, mpe chai, arudi kuzifuata.